Chipsi Nyeusi, Krispi Laini, Katlesi Zinazopasuka: Kutafuta Chanzo cha Tatizo

Chipsi zikiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni mpishi, wa pili ni mafuta. Mara nyingi kosa lilishafanyika kabla karai halijawekwa jikoni: shambani, ndani ya lori, au pembeni mwa banda ambako gunia limeegemezwa juani. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mafuta au kumfokea kijana wa jikoni, jiulize viazi ni vya aina gani, vilichimbwa lini, na vimelala wapi tangu hapo.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache. Unahitaji kipimajoto cha mafuta kinachofika nyuzi 250, mizani ya jikoni, na ndoo ya maji ya chumvi itakayoelezwa hapa chini. Nyuzi zote katika maelezo haya ni za Selsiasi. Asiye na kipimajoto atumie kipande cha mkate cha upana wa sentimita mbili na nusu: kikiwa cha dhahabu kwa sekunde 60 hivi, mafuta yako karibu na nyuzi 180. Ni kipimo cha kukadiria tu, lakini ni bora kuliko kutemea mate kwenye karai.

Chipsi zinakuwa kahawia iliyokoza, ndani bado mbichi

Hili ndilo tatizo linalosumbua kuliko yote, na linaeleweka vibaya kuliko yote. Wengi hupunguza moto. Chipsi zinatoka zimelegea, zimejaa mafuta, na bado ni za kahawia.

Tenganisha kwanza vyanzo viwili. Chukua viazi vitatu, kata kipande kimoja kutoka katikati ya kila kimoja, vikaange pamoja kwenye mafuta uliyoyapima yakiwa nyuzi 175, kwa dakika tatu. Vikitoka na rangi ya dhahabu, viazi vyako ni vizuri na tatizo lilikuwa moto kupita kiasi. Vikitoka vyekundu-kahawia wakati joto ni sahihi, viazi vina sukari nyingi, na hakuna mpishi atakayeviokoa kwa kucheza na jiko.

Sukari hiyo ni glukosi na fruktosi. Ikikutana na asidi amino (vijenzi vya protini) ndani ya kiazi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 120, huunda rangi ya kahawia na harufu ile tunayoipenda ya kitu kilichokaangwa. Kidogo ni kitamu, kingi ni uchungu. Inatoka wapi? Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni baridi. Kiazi kikikaa kwenye friji ya nyuzi 4 kwa wiki kadhaa, hugeuza wanga wake kuwa sukari. Mwenye mgahawa anayenunua magunia mawili kwa bei nzuri na kuyasukuma kwenye chumba cha baridi pamoja na nyama anadhani amehifadhi. Kumbe amevifanya viazi vya chipsi kuwa viazi vya mchuzi. Ghala za viazi vya kukaanga huendeshwa kwenye nyuzi 8 hadi 10.

Ya pili ni kuchimba mapema. Bei ikipanda, mkulima hangoji. Kiazi kichanga kina sukari nyingi na wanga kidogo, na ngozi yake unaiondoa kwa kusugua kwa kidole gumba. Kiazi kilichokomaa, kilichokatwa majani siku 10 hadi 14 kabla ya kuchimbwa, ngozi yake haitoki hata ukiisugua kwa nguvu. Jaribio hilo lifanye sokoni, kabla ya kulipa.

Ya tatu ni uzee. Kiazi kilichochipua sana huvunja wanga wake ili kulisha vichipukizi. Hapa aina inahusika: Shangi, inayotawala masoko ya Kenya, huiva haraka na hutoa chipsi nzuri, lakini haikai muda mrefu kabla ya kuchipua. Ukinunua Shangi ya wiki nyingi, umenunua sukari. Kwa krispi, wengi Kenya huitafuta Dutch Robijn yenye ngozi nyekundu, ambayo ni ngumu zaidi na hutoa rangi hafifu.

Ukitaka uhakika bila kuwasha jiko, nunua duka la dawa vile vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo. Kata kiazi, bandika kijiti kwenye sehemu mbichi iliyokatwa, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo. Rangi ikionyesha sukari nyingi, usikikaange. Kijiti hakipimi fruktosi, lakini glukosi peke yake inatosha kukupa onyo.

Dawa ipo, kwa kiasi fulani. Viazi vilivyopata sukari kwa baridi huweza kurudi vikiwekwa kwenye nyuzi 15 hadi 18, gizani, penye hewa, kwa wiki mbili hadi tatu. Sehemu ya sukari hurudi kuwa wanga na nyingine hutumika kiazi kinapopumua. Vilivyozeeka havirudi. Kwa haraka ya leo, kata chipsi, zitie kwenye maji ya nyuzi 70 kwa dakika 10, mwaga maji, zikaushe, kisha kaanga. Maji hayo huondoa sukari ya juu. Kuloweka kwenye maji baridi kwa nusu saa husaidia pia, ila kidogo. Kazi yake kubwa ni kuondoa wanga uliobaki juu ili chipsi zisishikane.

Ikiwa ncha moja tu ya kila chipsi ndiyo inakuwa nyeusi na sehemu nyingine ni ya dhahabu, usiendelee kutafuta kosa jikoni. Kiazi hicho kilipata ukame au joto kali kikiwa shambani, na sukari imekusanyika upande mmoja, kwa kawaida upande wa kikonyo. Kata ncha hiyo, utupe.

Rangi si suala la macho tu. Mwezi Aprili 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vilivyokaangwa au kuokwa kwenye joto kali vina akrilamaidi, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikwisha kuiweka mwaka 1994 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Akrilamaidi huundwa na sukari zilezile zikikutana na asparagini, mojawapo ya zile asidi amino, ambayo viazi vimejaliwa kwa wingi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2017 imeweka viwango vya kulinganishia: mikrogramu 500 kwa kilo ya chipsi zilizo tayari kuliwa, na 750 kwa kilo ya krispi, na inaelekeza mafuta yasizidi nyuzi 175. Jikoni huna maabara, lakini rangi ni kipimo kizuri: dhahabu ni salama kuliko kahawia, na kahawia ni afadhali kuliko nyeusi. Chipsi zilizoungua zichambue kabla hazijafika kwenye sahani. Mteja anayeagiza "zikauke kabisa" mkaushie kwa muda, usimkaushie kwa moto.

Chipsi zinalegea na zinatoa mafuta

Hapa ndoo inaingia kazini. Yeyusha kilo 1 ya chumvi kwenye lita 8 za maji. Tumbukiza viazi vizima vilivyooshwa. Vinavyozama vina wanga wa kutosha, karibu asilimia 20 au zaidi ya uzito wake ni kitu kikavu. Hivyo ni vya kukaanga. Vinavyoelea vina maji mengi: vipeleke kwenye mchuzi, supu au futari. Suuza chumvi, kausha. Ukikuta kiazi kikubwa kinaelea peke yake kati ya wenzake waliozama, kipasue. Huenda kina tundu katikati.

Kiazi chenye maji mengi kikikaangwa, maji hutoka na mafuta huingia mahali pake. Hakuna ufundi wa kuzuia hilo. Lakini kama viazi vimezama na chipsi bado zinalegea, angalia kiasi unachotumbukiza kwa mkupuo. Kilo 1 ya viazi inataka angalau lita 8 za mafuta. Karai la lita 5 lisipokee zaidi ya gramu 600. Foleni ikiwa ndefu, mkono huongeza. Joto linashuka kutoka 175 hadi 130 na chipsi zinakaa zikichemka taratibu kwenye mafuta. Mipigo miwili midogo humalizika mapema kuliko mmoja mkubwa.

Njia inayotoa chipsi kavu ni kukaanga mara mbili. Kata vipande vya unene wa milimita 10, vyote sawa, maana nyembamba zitaungua huku nene zikiwa mbichi. Osha mpaka maji yawe meupe, kisha safi. Kausha kwa kitambaa. Maji juu ya chipsi hushusha joto na kuharibu mafuta. Kaanga kwanza kwenye nyuzi 140 hadi 150 kwa dakika nne au tano, ziive bila kupata rangi. Zitoe, zitandaze, zipoe. Mteja akija, zirudishe kwenye nyuzi 175 kwa dakika mbili au tatu. Chumvi itiwe nje ya karai, chipsi zikiwa moto.

Halafu kuna kosa la mwisho, la kufunga. Chipsi nzuri zikitiwa kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa fundo, mvuke wake wenyewe huzilegeza kwa dakika tano. Tumia karatasi ya chakula au boksi lenye matundu. Gazeti lililochapwa liache lisomwe. Wino wake haukutengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Kabati la vioo lenye balbu nalo hupendezesha banda zaidi ya linavyohifadhi chipsi. Balbu moja haifikishi nyuzi 60, kwa hiyo chipsi hazibaki kavu wala hazibaki salama.

Viazi vilivyomenywa vinageuka rangi

Vikiwa vibichi vikageuka wekundu, kisha kahawia, kisha weusi, hiyo ni hewa tu: kimeng'enya kwenye kiazi kinakutana na oksijeni. Vifunike kwa maji baridi mara baada ya kumenya. Havina madhara. Vikichemka vikawa vyeupe, kisha vikapata kijivu vikipoa, ni madini ya chuma yanayoungana na asidi iliyomo kwenye kiazi. Kijiko kimoja cha maji ya ndimu au siki kwenye lita ya maji, kikitiwa viazi vikikaribia kuiva, hupunguza sana.

Weusi wa katikati ya kiazi ni habari nyingine. Viazi vinapumua. Vikijazwa kwenye lumbesa, vikafunikwa turubai kwenye lori linaloshuka kutoka Njombe au Mbeya hadi joto la Dar es Salaam, vya katikati hukosa hewa na moyo wake hufa. Nje vinaonekana salama kabisa. Pasua vitano kutoka katikati ya gunia, si vya juu ambavyo muuzaji amekupangia. Ukifika navyo, fungua gunia, vitandaze gizani penye upepo.

Ladha chungu, koo linawaka

Usiendelee kula, na usijaribu kuokoa kwa pilipili.

Kiazi kilichopigwa na mwanga hugeuka kijani. Kijani chenyewe ni klorofili, haina shida. Shida ni kwamba hali ileile hupandisha solanini na chakonini, sumu mbili za asili ambazo kiazi hujilinda nazo dhidi ya wadudu. Zinakaa zaidi kwenye ngozi, kwenye macho, kwenye vichipukizi na mahali palipochubuka. Ukomo unaokubalika kwa muda mrefu ni miligramu 200 kwa kilo ya kiazi kibichi. Anayezidisha hupata kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhara na kichwa kuuma, mara nyingi ndani ya saa chache.

Wengi hutegemea moto uondoe. Kuchemsha hakuziondoi, na mafuta ya nyuzi 175 hayazivunji kwa kiasi cha maana. Kinachosaidia ni kisu. Kiazi chenye doa dogo la kijani, menya kwa kina pale na pembeni yake, toa macho yote. Kijani kikienea, kikiingia ndani, au kiazi kikiwa kimesinyaa na vichipukizi virefu, tupa chote. Maganda ya kijani usimpe ng'ombe wala mbuzi, naye anaumwa.

Chanzo chake kwa kawaida ni maonyesho. Muuzaji hupanga mafungu ya viazi juani siku nzima kwa sababu vinavutia, na banda la chipsi huweka gunia wazi karibu na taa. Gunia la katani au karatasi nene linakinga. Mfuko wa wavu haukingi chochote.

Kwa watengeneza krispi za kukaangwa na maganda, hili ni zito zaidi. Krispi hupoteza maji karibu yote, kwa hiyo kilichokuwemo kwenye kilo nne za viazi kinabaki kwenye kilo moja ya krispi. Menya.

Mafuta yanatoa povu, moshi au harufu

Povu kubwa la mapovu makubwa, linalopasuka upesi, ni maji: chipsi hazikukaushwa. Povu dogo, jeupe-njano, linalopanda na kubaki, ni mafuta yaliyochoka. Yai kutoka kwenye katlesi nalo huleta povu la pili, hivyo kama unakaanga katlesi na chipsi, tumia makarai mawili.

Mafuta yanayotoa moshi kabla ya kufika nyuzi 180 yamekwisha. Vivyo hivyo yaliyogeuka mazito kama asali yakipoa, yenye harufu ya rangi ya ukutani, au yanayoacha gundi ukutani mwa karai. Ulaya, nchi nyingi zimeweka ukomo kwa kupima misombo inayotokana na kuoza kwa mafuta. Ikifika asilimia 24 hadi 27 yanamwagwa, hata kama bado yanang'aa. Rangi peke yake hudanganya: mafuta yaliyokaanga samaki huwa meusi mapema, na mafuta mabovu huweza kuonekana mekundu ya kawaida.

Kinachoyaua ni joto la bure, yaani karai kuwaka kati ya mteja mmoja na mwingine. Shusha hadi nyuzi 120 pasipo na mteja. Yanauawa pia na chumvi inayomwagikia ndani, makombo yanayoungua chini, na shaba. Karai au chujio la shaba huharakisha kuoza kwa mafuta. Tumia chuma au chuma kisichoshika kutu. Jioni, yakishuka hadi nyuzi 60 hivi, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, funika, weka gizani. Asubuhi jazia mafuta mapya kufidia yaliyonyonywa. Ila kujazia mapya juu ya mabovu ni kuharibu yote mawili. Hesabu ya kubana hapo haipo. Mafuta yaliyochoka hunyonywa zaidi na chipsi, kwa hiyo unayatumia kwa wingi ukidhani unayaokoa.

Mafuta yanayouzwa kwa kificho, bila chapa, kwa bei ya kutupa, yaache. Mafuta ya transfoma ni ya petroli, si chakula, na ya transfoma za zamani huweza kuwa na kemikali zenye sumu kali zisizoondoka mwilini upesi. Hakuna kiwango chake kilicho salama kwenye karai.

Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika karai kwa kifuniko au bati, kaa mbali nalo, usilibebe. Maji hayaguswi. Tone la maji hugeuka mvuke unaochukua nafasi kubwa mara 1,700 hivi, na mvuke huo hurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Kifuniko cha karai kiwe mahali pa kufikiwa na mkono, kisiwe nyuma ya jiko.

Krispi zinalainika au zinanuka baada ya siku chache

Krispi nzuri ina maji asilimia 2 hivi. Ikifika 3 tayari meno yanagundua. Kwanza hakikisha zilikauka: kata milimita 1.2 hadi 1.5, suuza, kaanga kwenye nyuzi 170 hadi 175, na uzitoe mapovu yakikaribia kwisha kabisa. Mapovu ni maji yanayotoka. Yakiwepo, maji yapo. Kisha zipoe kabisa kabla ya kufungwa. Krispi za vuguvugu zikiingia kwenye mfuko hutoa mvuke wake humo humo.

Zikitoka kavu zikalainika dukani, tatizo ni mfuko. Kufunga kwa mshumaa kunaacha vitundu. Tumbukiza pakiti iliyofungwa kwenye beseni la maji, ibonyeze. Ukiona viputo, hewa ya Mombasa itaingia pia. Mashine ndogo ya kufungia kwa joto inalipa gharama yake kwa krispi zisizorudishwa.

Harufu ya kizamani, kama sabuni au rangi, inatokana na mafuta kuoza ndani ya pakiti. Mwanga na hewa ndivyo vinavyoozesha, ndiyo maana viwanda hutumia mifuko yenye utando wa metali na kujaza naitrojeni. Wewe mwenye mfuko angavu usitundike pakiti zako dirishani, na usikaange krispi kwa mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi wiki nzima. Chipsi huliwa leo; krispi itakaa na mafuta hayo mwezi.

Chumvi gramu 15 hadi 18 kwa kilo inatosha, na itiwe krispi zikiwa bado moto, chumvi iwe laini sana, la sivyo itabaki chini ya mfuko. Pima pia mavuno yako: kilo 4 za viazi hivi hutoa kilo 1 ya krispi. Ukitumia kilo 5 au 6, rudi kwenye ndoo ya chumvi.

Katlesi zinapasuka, viazi vilivyopondwa vinakuwa gundi

Gundi hutokana na kuponda kupita kiasi. Chembe za kiazi zikipasuliwa, wanga humwagika na kushikana. Blenda ni adui hapa. Chemsha viazi na maganda yake, dakika 20 hadi 25 kwa vya ukubwa wa kati, mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo kwa dakika moja mvuke utoke, menya, ponda vikiwa moto kwa mwiko au kiponda viazi. Flekisi za paketi (viazi vilivyopikwa, kupondwa na kukaushwa) nazo zina tabia ileile: maji ya nyuzi 75 hadi 80, si yanayotokota, na ukoroge kwa upole.

Katlesi inayopasuka ilikuwa na maji. Nyama ya kusaga ikaushwe kabisa na ipoe, viazi vipoe, ongeza gramu 15 hadi 20 za wanga wa viazi au mkate mkavu uliosagwa kwa kila kilo. Ziviringe, zikae friji nusu saa, zichovye kwenye yai, mafuta yawe nyuzi 175. Ikipasuka bado, ufa ulikuwepo tangu ulipoiviringa.

Viazi karai vinavyovua koti lake vilikuwa na unyevu juu. Vipake unga mkavu kidogo kabla ya kuchovya kwenye rojo.

Wanga na unga wa viazi si kitu kimoja, na kubadilishana kunaharibu mapishi. Wanga ni ule mweupe unaolia "nyiku nyiku" kati ya vidole: ni wa kuzitisha mchuzi. Ukoroge kwanza kwa maji baridi, kijiko cha chakula kwa kikombe, tia mwishoni, zima ukishazidi kuwa mzito. Ukiuchemsha sana hulegea tena. Unga wa viazi ni kiazi kizima kilichopikwa na kukaushwa, hunyonya maji mengi. Badilisha asilimia 5 hadi 10 ya unga wa ngano kwenye mkate au maandazi, na vitabaki laini kesho yake. Mashapo meupe chini ya beseni ulilooshea chipsi ni wanga. Yasuuze mara mbili, mwaga maji ya juu, anika siku hiyohiyo. Yakilala na maji, yatachacha.

Watu wameumwa tumbo, na viazi havikuwa chungu

Basi angalia saa, si mapishi. Viazi vilivyoiva vikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 kwa zaidi ya saa mbili, mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus zilizohimili kuchemka huamka na kuzaliana. Aina moja ya sumu yake haivunjwi na joto, kwa hiyo kurudisha kwenye karai hakusaidii. Chipsi zilizokaangwa nusu asubuhi na kuachwa kwenye beseni hadi saa mbili usiku ziko hapo hasa. Zikipoa tu, zifunike, ziingie friji. Hizo zimekwisha pikwa na baridi haizidhuru.

Viazi vibichi vilivyolowekwa usiku kucha nje ya friji vikiwa na utelezi, mwaga. Chipsi mayai, au zege, iive mpaka katikati. Yai linalotiririka kati ya chipsi halijafika joto la kuua bakteria wa salmonela.

Na foili. Kiazi kilichookwa ndani ya foili kikaachwa humo mezani kimefungiwa bila hewa, chenye maji, chenye joto la wastani, na mbegu za bakteria wa botulini hutoka kwenye udongo wa kiazi chenyewe. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 walipata sumu ya botulini kutokana na viazi vya namna hiyo vilivyotengenezwa rojo zito la kuchovya mkate baada ya kulala nje ya friji. Kikitoka motoni, vua foili mara moja, au kiliwe kikiwa moto.

Chipsi za paketi kutoka friza

Usiziyeyushe. Zikiyeyuka hushikana na kunyonya mafuta. Zitoke friza ziende moja kwa moja kwenye nyuzi 175, kidogo kidogo, baada ya kukung'uta barafu, maana barafu kwenye mafuta hurusha. Zikiwa na bonge moja la barafu ndani ya paketi, zilishawahi kuyeyuka njiani. Soma pia kibandiko: baadhi zimepakwa unga wa ngano ili zikauke, jambo la kujua kwa asiyestahimili gluteni, na viazi vilivyokaushwa mara nyingi vina salfaiti, zikiandikwa E220 hadi E228, ambazo huweza kumbana kifua mwenye pumu.